Pombe Aliyoinywa Mgeni Rasmi

Kwetu Ufipani mtu hakupi pombe kabla hajaionja mwenyewe. Mpika pombe anachota kwa kata, anapiga funda, anameza ukimtazama, ndipo anakukabidhi kwa mikono miwili. Anakwambia bila maneno kwamba ninachokupa na mimi nimekinywa, kama kina ubaya tufe wote. Ukipokea ukanywa, umemwamini. Na kama mlikuwa na ugomvi halafu ukanywa katika kata yake mbele za watu, ugomvi umekwisha. Hata padre hawezi kuufufua. Naanza na hilo kwa sababu vijana wa sasa, wanaofunguliwa bia ya chupa na mhudumu, nikiwasimulia habari ya siku ile uwanjani wananicheka. "Sasa nyie kina mama mlikuwa mnafikiri nini?" Tulikuwa tunafikiri hivyo, basi.

Mama mkwe wangu alikuwa mpika pombe ya ulezi, pale Chanji, Sumbawanga mjini. Mimi nililetwa kwake nikiwa mwali mbichi kutoka Chala, na kabla sijajua kitanda changu kiko upande gani nilikuwa nimeshajua kuanika kimea. Pombe yake ilikuwa na jina. Wafanyabiashara waliopanda kutoka Muze na mchele wao walikuwa hawalali mjini bila kupita kwake. Watu wakimwuliza siri yake, anasema, "Ulezi kila mtu analima. Siri ni maji."

Maji yenyewe yalitoka bondeni, chini ya nyumba zetu, kwenye chemchemi. Bomba la mji lilikuwa linatoka likipenda, na mara nyingi halikupenda. Chemchemi haikuwa na maringo. Kiangazi, masika, maji yapo, baridi mpaka meno yanauma, na hayana harufu ya kitu chochote. Mtaa mzima tulikunywa pale, tukafua pale, tukagombana pale.

Ikaja miaka ya ruksa. Waliokuwepo wanajua. Kabla yake, dizeli ilikuwa ya kibali. Mwenye mashine ya kusaga anapanga foleni na pipa lake mpaka anaota mvi. Mara tukasikia ruksa mitumba, ruksa sabuni za kunukia, ruksa mtu binafsi kuuza mafuta. Kampuni ikaja, sitaitaja jina maana hata jina lake sitaki likae mdomoni mwangu, ikanunua mteremko ulio juu ya bonde letu, ikafukia matangi ardhini, ikajenga depo na ukuta mweupe. Nisiseme uongo, tulifurahi. Mashine za kusaga zikawa zinanguruma kutwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wanavyosema. Tulipona kweli!

Masika ya pili tangu waje, maji yakaanza kunuka. Mwanzoni nilisemwa mimi. Mama mkwe alinusa mtungi, akanigeukia, "Wewe binti, umechotea dumu la mafuta ya taa?" Nikaapa kwa Yesu na Maria kwamba dumu ni lile lile. Hakuniamini. Nilisugua dumu kwa mchanga na majivu mpaka likapauka, na bado maji yakanuka. Ndipo akashuka bondeni mwenyewe, na fimbo yake, akiwa na hasira ya kunifumania. Akainama juu ya chemchemi. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi, unang'aa, ukiugusa unakimbia na ukiondoa kidole unarudi. Alikaa ameinama muda mrefu, kisha akaniambia, "Nisamehe, mwanangu." Ndiyo mara pekee aliyowahi kuniomba radhi.

Tulipokuwa bado pale, akashuka mzee mmoja Msukuma na ng'ombe wake. Wasukuma walikuwa wamehamia miaka michache kabla, na walizoea kunywesha chini kidogo, kijito kinapopanuka. Ng'ombe wa mbele alinusa, akapuliza pua, akarudi nyuma. Wengine wakafuata. Mzee akapiga mluzi, akachapa, wapi! Akatutazama. "Kina mama," akasema, "ng'ombe mwenye kiu hasusi maji bure." Siku ya pili alihamishia mifugo yake upande mwingine wa mji. Yeye alikuwa na pa kwenda.

Tukaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akatupeleka kwa meneja wa depo. Alikuwa kijana, shati jeupe, na adabu alikuwa nayo, niseme haki. "Shikamoo mama," akamwambia mama mkwe wangu, akampa kiti. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema ni nyasi zinaoza bondeni kwa sababu ya mvua, lakini ili tulale usingizi ataleta wataalamu. Wataalamu wakaja kweli. Wakachota maji katika chupa, wakaifunga vizuri, wakaandika juu yake, wakaondoka nayo. Tukangoja chupa irudi na majibu yake.

Chupa haikurudi. Zilikuja jezi.

Hapa lazima niseme habari ya mume wangu. Alikuwa fundi baiskeli mchana na beki wa kati jioni, nahodha wa timu ya mji. Mpira aliupenda kuliko mimi, na nilijua hivyo tangu siku ya posa, maana alichelewa kwa sababu ya mazoezi. Timu yao ilikuwa ya kubangaiza. Wakienda kucheza Mbeya wanapanda juu ya magunia ya mahindi, wanafika wamepigwa na upepo na vumbi, halafu wanafungwa, halafu wanarudi juu ya magunia ya watu wengine. Jezi zao zilikuwa zimepauka, huwezi kujua kama zilianza nyekundu au kahawia. Wenzao wa mikoa mingine waliwaita wachoma mkaa.

Basi kampuni ya mafuta ikajitolea kuwa mdhamini. Jezi mpya za kijani, jina la kampuni kifuani, kubwa, hata kipofu angelipapasa akalisoma. Viatu vya njumu. Mipira. Na lori la kuwapeleka ugenini, lenye turubai na mabenchi. Mji ukapagawa. Watoto walikuwa wanaimba jina la kampuni wakienda shule. Siku mume wangu alipoleta jezi yake nyumbani aliitandika kitandani, akakaa pembeni kuitazama. Sikuwa na moyo wa kumwambia kitu siku hiyo.

Kuanzia hapo, kusema maji yananuka ikawa ni kuisaliti timu. Mwenyekiti, yule yule aliyetupeleka depo, sasa akatuambia, "Mama, mkono mtupu haulambwi. Hawa watu wametuletea kitu." Sokoni nikaulizwa, "Mnataka timu ikose daraja la juu kwa ajili ya ndoo zenu?" Vijana wa kijiweni wakatupa ushauri: "Poa tu, mama, chemsheni." Chemsheni! Mafuta unayachemshaje? Hebu niambie. Watoto mtaani walikuwa wanaharisha, ngozi zinawasha, na sisi tunaambiwa tuchemshe.

Nyumbani nako moto. "Mama," mume wangu akasema jioni moja tukila, "subirini ligi iishe. Mkileta vurugu sasa wataondoa lori."

"Maji yasubiri ligi?" mama akamwuliza.

"Nasema subirini tu. Msimu mmoja."

"Wewe ulinyonya msimu mmoja?"

Akaendelea kumega ugali. Nilimchukia. Halafu nikaona viganja vyake vilivyojaa grisi ya minyororo, nikakumbuka zile safari za juu ya magunia, nikamhurumia. Lakini chuki ilikuwepo, sifichi.

Kina mama wa jumuiya yetu tulikutana baada ya misa. Mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, akasema tuandike mabango, tusimame nayo uwanjani siku ya sherehe ya udhamini, maana meneja atakuwa mgeni rasmi na watu watajaa. Mwingine akasema polisi watatubeba, hatuna kibali cha maandamano. Mama mkwe wangu aliwasikiliza wote. Kisha akasema, "Bango la nini? Yeye ameshazungusha mabango uwanja mzima, makubwa kuliko yetu. Mimi nitampikia."

Tukamtazama.

"Mwenyekiti ameniomba pombe ya mgeni rasmi," akasema. "Nitaipika kwa maji ya bondeni, matupu, bila kuchanganya. Nitaionja mbele yake, nitampa. Akikunja pua, uwanja mzima umeona. Akikataa, amekiri. Akitema, amekiri zaidi."

"Na akinywa?" nikauliza mimi.

Alicheka mpaka akashika kifua. "Mtu mwenye akili zake anywe petroli kwa sababu ya aibu? Thubutu!"

Wote tukacheka naye. Hakuna aliyewaza zaidi ya hapo. Kwetu mtu akiijua sumu hanywi, na anayekunywa hajui. Hatukuwa na mtu wa aina ya tatu.

Alipika kwa moyo wote, hilo ndilo lililoniuma. Alichagua ulezi mzuri kuliko wote, akauotesha, akausaga mwenyewe, hakuniruhusu hata kukoroga. Angeweza kumimina tu maji kwenye mtungi, akasema pombe ndiyo hiyo. Lakini alitaka kila kitu kiwe sawa isipokuwa maji, ili mtu asije akasema mpishi ndiye mbaya. Ilipoumuka, povu likawa zuri, rangi nzuri, na harufu ya depo.

Siku yenyewe upepo wa Sumbawanga ulikuwa unakata masikio na uwanja umefurika. Tuliingia kina mama tumevaa vitenge vya jumuiya, kila mmoja na ndoo tupu kichwani. Hayo ndiyo yalikuwa maandamano yetu. Polisi mmoja akatusimamisha, "Mnakwenda wapi na ndoo?" Mama akamwonyesha mtungi, "Tunampelekea mgeni pombe, mwanangu." Akatupisha. Tukazunguka uwanja kimya kimya, ndoo tupu zimeinuliwa, na watu wakadhani ni ngoma ya kumpokea mgeni. Wakatupigia makofi! Mwalimu alipaza sauti, "Maji yetu yananuka mafuta!" Wakamjibu kwa kuimba jina la timu.

Tukafika kwenye meza kuu. Wachezaji walikuwa wamepanga mstari, kijani kitupu, mume wangu mbele. Mama akapiga magoti, akafunua mtungi. Harufu ikapanda. Nilimwona mwenyekiti akitoa leso.

"Baba," mama akamwambia meneja, kwa Kiswahili chake chenye Kifipa ndani, polepole ili kila mtu asikie, "hii ni pombe ya maji ya chini ya depo yako. Ndiyo tunayokunywa. Mimi naionja."

Akachota kata, akanywa, akameza. Niliona shingo yake ikikataa na yeye akiilazimisha. Akachota tena, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Meneja akaipokea. Alimtazama mama, akautazama uwanja. Watu wa mbele walikuwa wamenyamaza, maana hata waliokuwa wakiimba walikuwa Wafipa, walijua kata ile imebeba nini. Nilijisemea, leo! Leo mtaona!

Akasimama. Akaiinua kata juu, watu wote waione, akanywa. Si kuonja. Alikunywa mpaka koo likacheza, akafuta mdomo kwa kiganja, akachukua kipaza sauti.

"Tamu!" akasema. "Nilikuwa naambiwa kwamba Wafipa mnajua kupika pombe, leo nimeamini!"

Uwanja ukalipuka. Watu walirusha kofia. Mama alikuwa bado amepiga magoti, mikono yake miwili bado mbele kama bado imeshika kata.

"Nahodha yuko wapi?" meneja akauliza. "Njoo, nahodha, tunywe pamoja."

Mume wangu akatoka kwenye mstari. Kila mtu Sumbawanga alijua yule ni mtoto wa nani. Meneja akamjazia kata kwa mkono wake. Mume wangu aliinusa, nilimwona, pua zake zilitanuka. Maji yale yalikuwa nyumbani kwake, aliyaoga, alijua. Alimtazama mama yake pale chini. Mama alimtazama pia, na sijawahi kuona mtu akiomba kwa macho kiasi kile. Neno moja tu lilitakiwa. Hata bila kusema neno. Angeirudisha tu kata mezani.

Akanywa. Meneja akamwekea kipaza sauti mdomoni.

"Tamu," mume wangu akasema. Sauti ikaenda uwanja mzima. "Tamu, mama."

Mama akainuka, akajitwisha mtungi wake, akatoka. Tukamfuata na ndoo zetu. Alipofika nyumbani alitapika uani mpaka akaishiwa nguvu, na mimi nikamshika paji la uso. Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira, nikamtukana mume wangu matusi ambayo mkwe hatakiwi kuyatamka mbele ya mama mkwe. Hakunikemea.

Tangu hapo kesi ikafa. Tukienda kwa mwenyekiti tunajibiwa, "Meneja mwenyewe alikunywa, na mtoto wako akanywa." Hata wazee wetu wenyewe, wa ukoo, walisema kata imeshanywewa mbele za watu, ugomvi umekwisha, tusilete mambo. Mila yetu wenyewe ndiyo iliyotufunga mdomo. Biashara nayo ikafa, maana uwanja mzima ulikuwa umenusa mtungi wa mama, na watu waliosema tamu mchana hawakuja kununua jioni. Tulianza kuchota maji mbali, ng'ambo ya kilima, tukirudi shingo zimekufa ganzi, akapika pombe safi, lakini jina lilikuwa limekwenda. Walimwita Bibi Petroli. Watu wa Muze wakawa wanapita nyumba ya pili. Mwishoni ule mtungi mkubwa ukawa wa kuatamishia kuku, na yeye akabaki anapika kidogo tu, ya nyumbani.

Na hiyo ya nyumbani, mtoto wake alipewa kama kawaida. Mama hakumnyima kitu. Alichota, akaiweka kata chini mbele yake, akaendelea na shughuli zake. Ila hakuionja. Mara ya kwanza mume wangu alingoja, akidhani amesahau. Mama hakuwa amesahau. Tangu siku ya uwanjani hakumwonjea tena, na mume wangu hakuuliza. Alikunywa hivyo hivyo, miaka.

Timu ilikwenda Mbeya kwa lori lenye turubai. Ilishinda kidogo, ikafungwa sana, daraja la juu ikalisikia redioni. Meneja akahamishwa, sijui wapi, kwenye cheo kikubwa zaidi nadhani. Kampuni ikauza mali zake kwa wengine, udhamini ukaisha, lori likaondoka. Jezi za kijani zikawa za kulimia.

Wenye mali wapya walitaka matangi mapya, wakaajiri vibarua kufukua ya zamani. Mume wangu akaomba kazi hiyo. Magoti yalikuwa yamemwisha, na vijana wenye duka la vipuri walikuwa wamemnyang'anya wateja. Alikwenda kuchimba akiwa amevaa ile jezi, jina limebanduka, imebaki herufi moja moja.

Alirudi jioni, tope jeusi mpaka mapajani, harufu ile ile ya mtungi. Mama alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Mume wangu hakuingia ndani. Alikaa kwenye ngazi.

"Tangi limetoboka chini," akasema. "Kutu. Udongo wote mweusi mpaka kule bondeni."

Mama akaendelea kupukuchua.

"Msimamizi wao yuko hapa tangu kampuni ile ya kwanza," akasema tena. "Anasema walijua. Ile chupa ya maji ilipimwa, majibu yakaja. Anasema majibu ndiyo yaliyoleta jezi."

Mikono ya mama ikasimama. "Majibu yalikuja kabla ya jezi?"

"Kabla."

"Kwa hiyo yule kijana alikunywa anajua."

"Alijua, mama."

Nilidhani atalia sasa, baada ya miaka yote ile, au atampiga. Aliinuka, akaingia jikoni, akatoka na kata ya pombe, safi, ya maji ya ng'ambo ya kilima. Akaiweka kwenye ngazi, mbele ya mtoto wake.

Mume wangu hakuigusa. Mtu mzima, ndevu zina mvi, akashuka ngazi akapiga magoti kwenye vumbi na ile jezi yake.

"Mama," akasema, "leo nionjee."

Mama akarudi kwenye kigoda chake, akachukua gunzi lingine.

"Onja mwenyewe," akamjibu. "Si wewe unayejua tamu?"